Lengalenga Kwenye Meza ya Mashindano

Jirani yangu Mkongomani hunawa mikono kabla ya kugusa mboga, ingawa vidole vyake vimekakamaa kwa kufunga maboksi ghalani. Kwenye mashindano ya bustani hapa Lewisville, ughaibuni, alipanga fungu la lengalenga, mchicha wa kwao, akanyoosha kila jani. Mwamuzi akasema hilo ni gugu, liondolewe. Nilipomtafsiria, hakupandisha sauti, huwa hapandishi.

“Mwambie hii majani njo ililisha batoto yangu sita mu kambi ya wakimbizi. Kama hapana zawadi, aandike hapana. Lakini haitoke hapa.”

Akavuta kiti, akaketi kando ya fungu lake. Mwishowe mwamuzi akamwandikia kadi ya nafasi ya mwisho. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisimamisha mbele ya mboga yake, maandishi yakiwaelekea watu.