Kikombe Kisichoonjwa

Mama alinisindikiza hospitali siku ya kupimwa moyo kwa sababu ile ile iliyomfanya anisindikize uwanjani: nisije nikala cha mtu. Nilikuwa winga wa kushoto katika timu moja kubwa ya Bukavu, mtu mzima mwenye ndevu, na bado kila mechi mama alisimama nyuma ya senyenge na termosi yake, ananipitishia chai wakati wa mapumziko. Wenzangu walicheka, ila kimyakimya, maana kila mmoja ana mama yake. Kwetu nyota hali nje. Ukinunuliwa bia, inafunguliwa mbele ya macho yako. Ukikaribishwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mwenye nyumba anaionja kwanza yeye, unamtazama akimeza, ndipo unapokea. Si matusi kumsubiri aonje. Matusi ni yeye kukataa.

Timu moja ya mbali ilitaka kunichukua. Miguu yangu walikwisha kuiona, wakairidhia. Sharti lililobaki lilikuwa moyo, kwa sababu waliwahi kumpoteza mchezaji aliyeanguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu, na tangu hapo hawasaini na yeyote kabla kifua chake hakijasikilizwa. Mimi niliona ni kupotezeana muda. Bukavu hakuna njia iliyolala, unapanda au unashuka, na mimi kutoka Nyawera hadi Kadutu nilikuwa napanda mbio huku nikiimba. Moyo kama huo unapimwa nini?

Daktari alikuwa mwanamke kijana, na kwa lafudhi yake ulijua ni mtoto wa hapahapa Bushi. Nilivua shati kabla hajaniambia. Akaniambia nilivae, bado tunaongea.

Alinishika mkono, akatazama saa yake. "Moyo yako inapiga polepole," alisema.

Mama akakamata rozari yake.

"Hapana, mama, usiogope. Njo moyo ya batu ya sport. Inakuwa kubwa, ina nguvu, haina haraka."

Nilimtazama mama kwa majivuno, utadhani moyo huo niliuunda mwenyewe kwa mikono yangu. Kisha daktari akauliza swali ambalo nadhani anamuuliza kila mchezaji.

"Mu famii yenu, kuko mutu alikufa gafula, angali kijana?"

"Hapana," mama akajibu haraka. "Kwetu batu banazeeka."

Nami nikatikisa kichwa kuunga mkono. Naomba nieleweke: hatukuwa tunadanganya, si mama wala mimi. Tungepimwa uongo siku ile pamoja na moyo, tungefaulu.

Daktari hakuendelea na swali lingine. Aliweka kalamu, akavuta kiti karibu na mama, akashusha sauti kama watu wanaoteta sokoni. "Basi uniambie, mama. Kwenu, nani balimupatia sumu?"

Hapo mama akafunguka. Wa kwanza alikuwa mdogo wake, mjomba wangu wa mwisho, mchezaji hodari, aliyeanguka kule Mumosho kipindi cha pili mpira ukiwa mguuni mwake. Mke wake ndiye aliyempa kikombe cha kasiksi wakati wa mapumziko, na watu wote waliona. Wa pili alikuwa baba mdogo wa mama, aliyekula kwa majirani wenye wivu, akaanguka mlimani akiwa na gunia la mihogo mgongoni. Wa tatu binamu yake, aliyeanguka siku ya ndoa yake mwenyewe, na mchumba wa zamani alikuwa miongoni mwa walioalikwa. Unaona mwenyewe, dokta.

Daktari hakubishana naye hata kidogo. Kwa kila mmoja aliuliza tu: wakati anaanguka, alikuwa anafanya nini?

"Alikuwa anakimbia," mama akasema. "Ule alikuwa anapandisha kilima. Na ule mwingine alikuwa anacheza muziki, anacheza sana."

Mama hakusikia chochote katika majibu yake. Mimi, alipofika kwa yule bwana harusi, nilisikia, nikaacha kukipenda kifua changu.

Nikalala kitandani. Daktari akanipaka dawa baridi, akanibandika nyaya, kisha akapitisha kifaa chake juu ya mbavu huku akitazama kioo chenye picha ya moyo wangu ukidunda. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Ukuta ya moyo yako iko munene," alisema mwishoni.

"Asante, dokta."

Haikuwa sifa. Alinieleza taratibu kwamba michezo hunenepesha moyo, na kuna ugonjwa wa ukoo ambao nao huunenepesha, na kwa macho hali hizo mbili zinaweza kufanana. Njia moja ya kuzitofautisha ni kupumzika. Nikikaa miezi mitatu bila mpira na bila mbio, ukuta ukipungua, ulikuwa mpira. Usipopungua, ni damu ya upande wa mama. Timu ilikubali kusubiri.

Sasa wewe jaribu kupumzika Bukavu. Nilianza kwenda misani kwa pikipiki, nikishuka mbele ya mlango wa kanisa mfano wa askofu. Watu wakasema nimeanza kujidai. Nilipozidi kukaa barazani nikiota kitambi wakabadili mawazo, wakasema nimepewa sumu. Jirani mmoja akaleta maziwa. Mwingine akatuelekeza kwa mzee fulani wa njia ya Shabunda anayewatapisha watu mpaka kila kitu kinatoka. Na asubuhi moja mama yangu, aliyekaa na daktari goti kwa goti, akanisimamia kitandani na kikombe cha mafuta ya mawese. "Kunywa," akasema. "Haina kosa." Nilikunywa ili nyumba itulie. Siku ile nilishinda chooni, na moyo ukabaki palepale ulipokuwa.

Tuliporudi kwa daktari, ukuta haukuwa umepungua. Akapima tena, akageuza kioo ili nami nione, kisha akasema pole. Ningeishi, ningekunywa dawa zangu, ningetembea, ningeweza kufundisha wengine. Mpira wa mashindano, basi. Nililia mbele yake na sioni haya kuandika hivyo. Nilimchukia pia, yeye na kioo chake, nikamwambia kwamba kabla yake nilikuwa mzima. Aliniacha nimalize. Mama alikaa amekumbatia termosi yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumsikia akimtaja mtu aliyetufanyia.

"Mama," daktari akasema, "ugonjwa hii inapitaka mu damu. Batoto ba bale balikufa, inafaa tubapime. Ule ndugu yako ya Mumosho aliacha mutoto?"

"Aliacha musichana."

"Iko anafanya nini?"

Mama hakujua. Mjomba alipokufa, mtoto alikuwa bado mgongoni, na matanga hayakuisha kabla ukoo wetu haujamtoa mjane nyumbani. Godoro lake lilirushwa barabarani, naye akarudi kwao Mumosho na mtoto wake. Toka hapo hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga kule. Lakini mimi nilijua, kama kila mtu wa mpira anavyojua mambo ya mpira. Kule Mumosho kulikuwa na msichana anayecheza mbele, pamoja na wavulana, na walimu wa mpira walikuwa wakisema hakamatiki.

"Anakimbia," nilisema.

Mama alinitazama. Sijui ni kipi kilimchoma zaidi, mtoto anayekimbia na moyo usiopimwa, au ile hesabu nyingine ambayo sasa haikwepeki: ikiwa ni moyo, basi mwenye kikombe hakuua mtu. Na waliolirusha lile godoro barabarani, mbele yao alikuwa mama yangu.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa. Mke wa mjomba alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake kati ya bidoni, madumu yake ya kasiksi, wateja wamemzunguka kwenye viti virefu. Alituona tangu mbali na hakusimama. Wateja nao walitutambua. Kila mmoja akatangaza kwamba amekwisha kunywa, saa ya kwenda imefika, na hakuna aliyenyanyuka.

"Karibu, mulamu," akamwambia mama, kwa sababu hivyo ndivyo mawifi wanavyoitana kwetu. "Njia ya Mumosho ilikuwa imefungwa?"

Mama alikuwa ameandaa hotuba njia nzima. Ilipotoka, ilitoka vipande: ukuta, kioo, damu, mimi, mpira wangu uliokwisha. Nilitaka kumsaidia, mke wa mjomba akaniinulia kidole nikanyamaza. Alimsikiliza mama mpaka mwisho, bila kumrahisishia neno.

"Basi mulinifukuza juu ya sumu," akasema, "na leo munanifuata juu sumu iko mu damu yenu."

"Njo vile, mulamu."

"Na munakuya kuitafuta kwa mutoto wangu."

"Njo vile. Unisamehe."

Alichukua kikombe, akakisuuza, akakijaza kasiksi mpaka ukingoni, akamnyooshea mama. Hakuwa ameonja.

Nimepiga penalti mbele ya uwanja uliojaa, na sijawahi kuona macho ya watu yakikodoka namna ile. Mkono wa mke wa mjomba ulikuwa umetulia kabisa. Alitaka kuonekana hajaonja, na wateja wake wote walikuwa mashahidi. Mimi niliitazama termosi iliyokuwa kwapani mwa mama. Mama hanywi pombe. Hata divai ya padri huitazama kwa wasiwasi. Alikipokea kile kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akaendelea kunywa, mpaka tukaona kitako cha kikombe.

"Iko tamu," akasema, akijipangusa.

"Ni kali," akajibu mke wa mjomba. "Ya tamu niliuzisha asubui."

Wateja wakacheka mpaka mmoja akadondosha kofia, na mama naye akacheka, na machozi yalikuwa yakimtoka palepale. Msichana akatokea nyuma ya nyumba, alikokuwa ametusikia, na mpira kwapani, jasho likimtiririka, uso wa mjomba wangu mzimamzima. Aliniangalia kuanzia kitambi kwenda juu.

"Tantine banasema ulikuwaka winga?"

Tantine ni mama yangu, shangazi yake, na ndiyo kwanza alikuwa akimwona. Lile "ulikuwaka", la mambo yaliyokwisha, lilinichoma kuliko maneno yote ya daktari.

Moyo wa msichana mpaka leo hauna kasoro. Kila mwaka anarudi kupimwa, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuchelewa kujionyesha, na kila mwaka mimi ndiye nisiyelala. Daktari alikuja hadi uwanja wa Mumosho, akatufundisha kwamba mtu akianguka bila kuguswa hapewi maziwa wala mafuta. Anakandamizwa kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kuacha, huku mwingine akikimbilia msaada. Mimi ndiye mwalimu wao wa mpira sasa. Nafundishia kwenye kiti cha plastiki, napiga kelele nyingi, na binamu yangu hunisikiliza pale anapotaka.

Lakini ninachokikumbuka kila mara ni siku tuliyompeleka hospitali mara ya kwanza, tukiwa wanne katika chumba kile kidogo. Daktari alimaliza maswali mepesi, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejua lolote:

"Papa ya huyu mutoto alikufa na nini?"

Alimuuliza mke wa mjomba. Mke wa mjomba akageuza uso taratibu akamwangalia mama. Sote tukamwangalia mama.

"Alikunywa kasiksi wakati ya mapumziko," mama akasema, nami nikadhani anarudia shtaka lile lile. Akaishusha termosi mapajani. "Juu alikuwa na kiu. Na alikufa na moyo, dokta. Moyo ya kwetu."

Daktari akaandika. Mke wa mjomba akanyoosha mkono, akaichukua termosi kutoka mapajani mwa mama, akaifungua, akajimiminia chai, akanywa.