Mafuta Yaliyokuwa Juu ya Maji

Nakumbuka alasiri moja pale Wasini, mwanangu, miaka ile ya hamsini, mimi ni mke wa miezi minne na bado namwogopa kila mtu. Kisiwa chetu hakina kisima cha maji matamu. Tulikunywa mvua, iliyohifadhiwa katika birika kubwa la mawe na chokaa karibu na msikiti, na maji hayo ndiyo ya mtaa mzima mpaka masika. Kiangazi kile yalikuwa yamebaki kimo cha kiuno.

Katazo lilikuwa moja tu: mtu hafiki birikani na mafuta mkononi. Mimi nilitoka dukani na chupa ya mafuta ya taa, kizibo chake gunzi la hindi, nikaona kupitia nyumbani kwanza ni kupoteza hatua. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alimwambia msichana hilo akasikia? Nikaiweka chupa ukingoni, nikavuta ndoo, kamba ikaigonga. Ikaangukia ndani na gunzi likatoka.

Mafuta yalielea pale pale, yanametameta. Hapo ningeita mtu. Lakini mwangalizi wa birika alikuwa mavyaa wangu, mama wa mume wangu, nami nilimwogopa. Nikaiopoa chupa, nikachukua upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, ulioegemezwa ukutani, nikakoroga kwa nguvu zangu zote. Maji yakazunguka, yakafanya shimo katikati, shimo likayameza mafuta. Nilipoacha, mzunguko ule mkubwa ulivunjika ukawa mizunguko midogo midogo, ikatambaa na kuta mpaka pembeni kote. Juu pakawa safi. Sikufichi, nilifurahi.

Wanawake wakaja kuteka, na kila ndoo iliyozama ilichanganya zaidi. Kabla ya magharibi, chai ya kila nyumba ilinuka mafuta ya taa.

Mavyaa wangu alinishika mkono, akaunusa.

“Ulikoroga?”

“Nilikoroga, mama.”

Hakupandisha sauti. “Yangekaa juu, mkazamwanangu, tungeyaengua kwa kata na pamba, yakaisha kabla ya isha. Sasa yamo katika kila tone. Nitayaengua wapi?”



Asubuhi alinisimamisha birikani, nikawaeleza wanawake wote kwa kinywa changu mwenyewe. Maji yakatolewa, yakamwagwa. Mpaka mvua iliponyesha tulivuka kwa mashua kwenda Shimoni kuteka, tukirudi na mitungi. Miongoni mwetu alikuwamo mmoja mwenye mimba ya miezi minane. Alibeba mtungi wake kila siku, wala hakuniambia neno. Afadhali angenitukana.

Basi sikiliza, mwanangu. Kukosea utakosea, hilo halina dawa. Lakini kosa likiwa bado linaelea, mwite mkubwa alione, hata kama unamwogopa. Usilikoroge upate kusema halipo. Ukilikoroga halitoweki, linagawanywa tu, na watakaolinywa ni watu ambao hawakukukosea kitu. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na mimi nimeongeza langu: mficha mafuta huwanywesha jirani.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na siku utakayoita, akujaalie mtu wa kuja na kata.