Mlikuja Kuomba Binti au Lifti?

Nina aibu ambayo haijapoa hadi leo. Nikiona watu wawili wa familia yetu wananong'ona pembeni, halafu wananitazama na kunyamaza, najua wamefika tena kwenye ile Jumamosi ya mahari ya Amani, kwa hiyo bora niieleze mimi mwenyewe kwa mpangilio kuliko kuisikia kila Krismasi ikiwa imetiwa chumvi (na chumvi yenyewe ilikuwepo siku hiyo, mtaona).

Amani ni mtoto wa dada yangu, Mama Neema. Ni kinyozi hapa Troyeville, mtaa wetu wa wahamiaji karibu na katikati ya mji, na alikuwa amempenda Furaha, binti aliyekuwa akiishi kwa mjomba wake, Mzee Kalume, mfamasia aliyehamia kaskazini ya jiji kwenye ile mitaa ya mageti na kuta ndefu. Mzee huyo hakututaka. Alikuwa ameshampigia simu baba wa binti huko Bukavu kumwambia kwamba sisi wa Troyeville ni watu wa mzaha. Baada ya kubembelezwa sana akatupa nafasi moja: Jumamosi, saa sita mchana kamili, kwa sababu saa nane anatoka kwenda kazini, na tusipofika tusahau, hataweka siku nyingine.

Familia ikanichagua mimi kuwa msemaji. Najulikana kwa utaratibu. Vyeti vyangu vyote viko kwenye faili, na hata risiti ya jiko nililonunua zamani ninayo.

Mama Neema alisema tukodi kombi. Nikakataa. "Kombi ya nini, dada, wakati basi lipo?" Nilikuwa nimefanya kazi ya ulinzi mitaa ile kwa miaka miwili, nikipanda basi hilo kila siku, na ratiba yake nilikuwa bado nimeihifadhi kwenye karatasi ya plastiki. Nikawasomea kama mchungaji asomavyo neno: basi la kwanza kutoka katikati ya mji hadi kwenye duka kubwa la kaskazini, la pili linaondoka hapo saa tano na robo, dakika ishirini baadaye tuko getini. Hapo ndipo nilipotuzika wote.

Tulikuwa watu watano, wanaume tumevaa suti, dada na binamu yangu wamevaa vitenge vya sare, na tulibeba masanduku mawili ya nguo, blanketi la mama wa binti na gunia dogo la chumvi, maana chumvi ilikuwa kwenye orodha ya dote, yaani mahari. Basi la kwanza lilikwenda vizuri. Nikawa nageuka kila baada ya kituo kuwaonyesha saa yangu.

Kwenye duka kubwa nguzo ya kituo ilikuwepo, kibao chenye namba ya basi kilikuwepo, na benchi pia. Tukakaa. Saa tano na robo ikapita, na nusu ikapita. Ndipo akatokea mama mmoja mwenye aproni ya kazi za ndani, akasimama kututazama na mapambo yetu.

"Baba, mnasubiri nini hapo?"

"Basi, mama."

Alicheka hadi akaweka mifuko yake chini. "Eish! Hilo basi lilikufa tangu baridi ya mwaka jana. Sisi tunatembea!"

Mama Neema akanigeukia polepole. "Na karatasi yako inasemaje, Bwana Ratiba?"

Mtu mwenye akili angeomba radhi hapo hapo. Mimi nikasema labda yule mama hajui habari za Jumamosi, na nikawakalisha watu wa dada yangu dakika kumi nyingine chini ya jua.

Wenye teksi wa pale wakatutajia bei ya kutukomesha. Amani akaita gari kwa simu, lakini dereva akasema hathubutu kukanyaga pale kwa kuwaogopa wale wenye teksi, wasiotaka gari la simu lipakie kwao, twende tumkute kwenye roboti ya tatu, mbele. Tukabeba mizigo hadi kwenye taa hizo za barabarani, na tulipofika simu ikalia: dereva ameghairi. Kurudi kulikuwa mbali na kwenda mbele kulikuwa mbali, na saa sita ilikuwa imeshapiga. Nikampigia Mzee Kalume. Akanijibu, "Saa nane natoka," akakata.

Tukatembea. Barabara ile haikutengenezewa mtu mwenye miguu. Upande mmoja ni ukuta wenye nyaya za umeme, upande mwingine ni magari, na katikati yake kuna ukanda wa nyasi wenye mawe na mashimo ya maji ya kunyunyizia bustani. Mbwa wakatubwekea ukuta kwa ukuta. Gurudumu la sanduku moja likavunjika. Amani, bwana harusi mtarajiwa, akawa analiburuta gunia, na tulipogundua kwamba limetoboka, chumvi ilikuwa imeshachora mstari mweupe nyuma yetu.

Tulifika kwenye geti la mtaa saa saba na dakika kumi. Mlinzi alikuwa kijana wa kwetu, nilimtambua kwa lafudhi, moyo ukanitulia.

"Mzee wangu, nitawaingizaje? Mashine inataka namba ya gari. Mgeni asiye na gari haimwandiki."

"Andika namba yoyote, mwanangu."

"Kamera ile pale, Mzee. Nitafukuzwa. Wa miguu ni wafanyakazi tu, wenye kadi."

Maneno hayo hayo niliwahi kuwaambia watu wengine kwenye geti kama lile, nikaenda zangu kulala vizuri.

Ikabidi tumwite Mzee Kalume mwenyewe. Akaja na gari lake jeupe, akashusha kioo, akatutazama mmoja mmoja.

"Mlikuja kuomba binti au lifti?"

Akatubeba kwa safari mbili, upande wa mke ukiubeba upande wa mume, jambo ambalo kwetu hata kwenye vichekesho hawalithubutu. Aliponyanyua gunia akasema, "Na hii mliila njiani?"

Sebuleni nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaanza salamu niliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Akanyoosha mkono.

"Wewe keti. Mtu aliyeshindwa kuwafikisha watu wake mlangoni hawezi kuwasemea. Zimebaki dakika ishirini na tano. Tafuteni mdomo mwingine."

Nikakaa. Amani akatazama zulia. Nyuma ya mlango wa ujia nilisikia Furaha anavuta pumzi kama mtu anayezuia kilio. Na hapo akasimama Mama Neema, ambaye hajawahi kuisemea familia mahali popote.

"Baba Kalume, uliambiwa sisi ni watu wa mzaha. Tumetembea karibu saa nzima kwenye barabara isiyo na mahali pa kuweka mguu, na hakuna aliyegeuka kurudi. Usisikilize maneno yangu. Tazama viatu."

Akavitazama, kweli. Jozi zote tano, moja baada ya nyingine. Kisha akavaa miwani na kuomba orodha ya vitu. Saa nane kasoro dakika tano akaita, "Furaha, njoo uwasalimie wakwe zako." Mimi nilikuwa nimekaa kimya pembeni ya sanduku lililovunjika gurudumu, na sanduku lilikuwa na heshima kunizidi.

Jumatatu nilikwenda kwenye ofisi ya kampuni ya mabasi (jina silitaji, inajijua). Karani wa dirishani akasema njia ile ilifutwa kwa sababu abiria walikuwa wachache. Nikauliza mbona kibao bado kipo? Akasema vibao ni idara nyingine. Wiki iliyofuata nikaenda kukaa kwenye lile benchi alfajiri. Wanawake wakapita mbele yangu kwenye nyasi, mmoja nyuma ya mwingine, viatu vya kazi mkononi, sketi zimelowa umande hadi magotini, wanakwenda kupika uji wa watoto wa watu, na kila gari lililowapita lilikuwa na mtu mmoja ndani. Hao ndio wachache! Kampuni iliua basi, kisha ikawahesabu waliobaki barabarani kuwa si watu.

Amani na Furaha wanaishi huko huko sasa. Wana gari na mtoto. Mama Neema, aliyewapatia ndoa kwa miguu yake, humwona mjukuu siku mtu akikumbuka kuja kumchukua kwa gari.

Nami nimeapa. Nikichaguliwa tena kuwa msemaji, sitaanza kwa kuuliza ukoo wa binti wala kanisa lake. Nitauliza kama kwao basi linafika, na sitamwuliza mjomba wala karatasi, nitamwuliza anayewafagilia nyumba.