Jaribio Alilokataa Samiha Kulifuta

Samiha binti Yeslam alifukuzwa kazi mbele ya wenzake wote, kwa kosa la kukataa kumsingizia mtu aliyekwisha kuonewa. Meneja wake, Maxwell, alimtaka atamke kikaoni kwamba karani Kahaso alifuta miadi ya wagonjwa wa figo kwa uzembe. Samiha akasimama. "Wallahi sisemi. Iliyokosea ni programu, nawe nilikwambia mapema."

Ofisi yenyewe iko Changamwe, juu ya duka la vipuri vya malori, na kazi yake ni kutunza data za zahanati za upande wa bara. Makarani huandika amri kwenye skrini nyeusi. Mtu hupiga herufi chache, programu humpangia majina ya majedwali yanayokaribiana nazo, na jina la juu hukubaliwa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Hakuna anayesoma, kwani vidole vimeshazoea. Na ni Maxwell huyohuyo aliyekuwa akipita nyuma ya viti akihimiza, "Haraka jamani, hamwandiki barua za mapenzi!"

Samiha ndiye aliyeijaribu programu hiyo kabla ya kila toleo jipya. Kazi hiyo haina sifa. Ikifanywa vyema, hakuna linalotokea, na watu hudhani hapakuwa na kazi.

Kila asubuhi Kahaso alikuwa akifuta yaliyomo katika jedwali la miadi ya kubuni, lililotumiwa kwa mazoezi tu, liitwalo miadi_majaribio. Alipiga herufi maj, jina likaja juu, akabonyeza. Ndivyo ilivyopasa, maana herufi hizo zimeshikana ndani ya jina hilo. Toleo jipya, hata hivyo, lilipendelea jina fupi hata kama herufi zake zimetawanyika, likatanguliza miadi_ya_jumla, jedwali la wagonjwa halisi. Samiha alipolipima, jaribio lake la mpangilio, linalokagua kama jina sahihi linatangulia, likaonyesha alama nyekundu ya kushindwa.

"Lifute hilo jaribio," Maxwell alimwambia. "Toleo linatoka Ijumaa."

"Bwana Maxwell, jaribio si mgonjwa. Linakuonyesha mgonjwa."

"Jina sahihi si lipo? La pili pale. Watu wana macho."

"Macho wanayo. Nafasi ya kuyatumia ndiyo uliyowanyima."

Wenzake wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Maxwell hakucheka. Alikaa kwenye kompyuta, akalifuta jaribio kwa mkono wake, na toleo likatoka.

Jumatatu Kahaso alipiga herufi zilezile, akabonyeza kitufe kilekile, na miadi ya wagonjwa ikatoweka. Nakala ya akiba ilikuwepo, lakini ilichelewa kurejeshwa. Katika pengo hilo Bi Mwidani wa Utange, aliyeishi kwa kusafishwa damu na mashine, alifika zahanati akaambiwa jina lake halimo. Arudi nyumbani, atapigiwa simu. Safari ya pili alibebwa na wanawe, pumzi zikimkatika. Alizikwa kabla data haijarudi.

Kahaso akasimamishwa kazi siku hiyohiyo ya maziko. Alimpigia Samiha simu.

"Da Samiha, nimemuua mama wa watu?"

"Hukumuua."

"Mbona vidole ni vyangu?"

Kesho yake kikao kikaitwa, Samiha akaenda akijua kwamba neno moja la kumkubalia Maxwell lingemwachia kiti chake. Hakulitoa.

Sasa kila ofisi anayoomba kazi humpigia Maxwell kwanza kuuliza habari zake, kisha hunyamaza. "Ungenyamaza tu, mwanangu," mama yake humwambia. Kahaso husukuma mkokoteni sokoni Kongowea, na Samiha akimwita kwa jina, hugeuza uso akazama kati ya magunia.

Wakurugenzi wa kampuni hiyo, mnajua nani alilifuta jaribio, kwa kuwa mashine zenu huweka kumbukumbu ya kila mkono. Mwondoeni Maxwell kwenye kiti kile. Lirudisheni jaribio kabla karani mwingine hajabonyeza kitufe. Mrudisheni Samiha kazini, na Kahaso pia, mkitangaza mbele ya wafanyakazi walewale kwamba hakuwa na hatia. Kisha nendeni Utange kwa miguu yenu, mketi na watoto wa Bi Mwidani, mwaambie kwa nini jina la mama yao halikuwemo.