Paji la Uso la Mwenzangu

Mwaka ule wa korona, ofisi ya shirika tulikofanya usafi ilibakiza mwanamke mmoja kati yetu wawili. Alibakizwa yeye. Mimi niliambiwa nikae nyumbani karibu na simu; siku mwenzangu akishindwa kuingia, ningeitwa.

Sijui nani alibuni mpango huo, lakini ulitosha kumtia mtu wazimu. Kutwa nzima nilishika simu. Ikilia moyo unanidunda, ikinyamaza unadunda zaidi. Niliwafokea watoto kwa kosa la kucheka. Nilipika bila chumvi, na nikikaa peke yangu nililia bila kujua nalilia nini.

Naye alipita mbele ya mlango wangu kila asubuhi, maana wote tuliishi mtaa wa Saio. Kitenge kimepigwa pasi, beji kifuani. Alisimama kunisalimu kwa upole wake ule, na upole huo ndio ulioniunguza. Nilimwonea wivu, nasema wazi. Tulianza kazi mwezi mmoja, tukafua mapazia yale yale. Ana nini yeye ambacho mimi sina?

Getini watu walinawa maji ya klori, kisha mlinzi anakuelekezea kipimajoto kwenye paji la uso. Sisi wa Bunia hayo tuliyazoea tangu Ebola. Tulijua pia kwamba ukija mbio juani, paji linachemka na kifaa kinakukataa ukiwa mzima kabisa. Ndiyo maana wafanyakazi waliwahi, wakapumzika kwanza kwenye kivuli cha ukuta. Yeye ndiye aliyenifundisha hilo.

Asubuhi moja nikamwita, kwa lile jina la heshima tunalompa dada mkubwa.

“Yaya, ingia kwanza, chai iko tayari.”

“Niko nachelewa, mudogo.”

“Kidogo tu. Kichwa yangu haiko muzuri, niko natafuta mutu wa kusema naye.”

Hilo la kichwa lilikuwa kweli. Akaingia, akanisikiliza. Nilimweleza yote isipokuwa wivu wangu. Mara mbili alifungua mdomo kama mwenye neno, akajizuia. Kila alipoinuka nilimwongezea chai ya moto na kisa kingine, huku nikiliangalia jua likipanda. Alipotoka ilimbidi akimbie. Pikipiki tuliwaachia wenye mishahara mikubwa.

Haukupita muda simu ikalia. Mwenzako amekutwa na joto, njoo. Yeye akarudishwa nyumbani siku kumi na nne.

Nilifurahi, sitaficha. Nilisugua sakafu zile kama zangu. Siku ya tatu mama aliyetusimamia sisi wa usafi akaniita pembeni.

“Mwenzako hakukuambia kitu?”

“Hapana, mama.”

“Aliombaka mugawanye mwezi. Yeye majuma mbili, weye majuma mbili. Alisumbua shefu, mukubwa wa ofisi, mpaka akakubali. Ilibaki tu mwenzako asaini, asubuhi ile walimukuta na joto, kabla shefu apande ndege. Tulimungojea, hakufika.”

“Na shefu?”

“Alishaenda. Na ule mwenye alikuja kwa nafasi yake hataki kusikia mambo hiyo.”

Nikamwuliza kwa nini mwenzangu alinyamaza. Akasema aliogopa kunipa tumaini halafu likataliwe, kwa jinsi alivyoniona nimekonda. Nilirudi kwenye ndoo yangu, nikashindwa kukamua kitambaa. Siku zilizobaki nilifanya kazi nikijua nazihesabia mwisho wake, na kwamba mwisho huo nimeupika mwenyewe jikoni kwangu.

Siku kumi na nne zikaisha, nikarudishwa kwenye simu. Kesho yake akapita, akasimama mlangoni. Nilidhani ameikumbuka ile chai na alivyofika getini akihema, na kwamba sasa amejumlisha mambo.

“Mudogo, unisamehe,” akasema. “Kulikuwa kitu nilikutafutia kule kazini, na ni miye nilichelewa.”

Nikamjibu si kitu, Yaya, nenda usichelewe tena. Nikamtazama akishika njia, amejitua mzigo ambao hata haukuwa wake, nami nikamwonea wivu kuliko siku zote.