Papai Nililomrushia Karani wa Santuri

Chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka siku ile ya Garsen uso hunichoma: mtu mzima, mke wa watu, mbele ya soko zima nimempiga karani kwa papai bivu kwa sababu mama yangu aliniamuru, na mama yangu alikuwa ameshazikwa.

Ngojeni niwaeleze polepole, mtaelewa. Kwetu Ndera mpunga ukianza kukomaa tunapanda juu ya dungu, kichanja kirefu cha miti, kuwinga ndege, kila shamba na dungu lake, na mmoja akiona ndege wanaelekea kwa mwenziwe humwimbia na kumtaja jina, na aliyetajwa sharti aitikie na kurusha donge la udongo palepale, bila kufikiri (ukifikiri, mpunga umekwisha). Wimbo wa shamba letu aliutunga mama. Nilipokuwa msichana walikuja watu wa kampuni ya santuri na mashine yao ndani ya lori, wakamwomba aimbe, akaimba, wakampa mche wa sabuni, wakaenda zao.

Basi siku hiyo mimi na shoga yangu Halima tuliteremka kwa mtumbwi kuuza mapapai. Halima akataka tukae karibu na kivuko, mimi nikasema hapana, twende barazani kwa duka la santuri, ndiko kwenye watu. Neno dogo tu hilo! Karani wa duka akaweka sahani ya santuri, ikakwaruza, kisha nikasikia kikohozi kidogo, kile cha mama kabla hajaanza kuimba.

"Mwanaidi ee! Wanakuja kwako!"

Na kabla sijafungua kinywa, sauti ya msichana ikaitikia kutoka ndani ya kisanduku, na ilikuwa yangu. (Nilishasahau kwamba siku ya lori nami nilikuwa juu ya dungu.) Mkono ukafanya ulivyozoea. Papai likampasukia karani kifuani, shati jeupe pepe, mbegu mpaka masikioni, nami nimesimama naimba kwa nguvu zangu zote.

"We mama, una wazimu?"

"Mama yangu huyo, ananiita!"

"Mama yako gani? Wimbo huu ni mali ya kampuni. Ukiuimba mbele za watu umeiba. Askari!"

Nilipelekwa kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya, soko zima nyuma yangu, na mjinga mimi nilifurahi, nikidhani nitasikilizwa. Nikamweleza vizuri: sauti ni ya mama, wimbo ni wa mama, anayeitikia ni mimi, na hakuna aliyetuuliza kabla ya kutuuza. Alisikiliza kwa upole. Akauliza, "Una karatasi?" Kampuni walikuwa nayo. Papai nikasamehewa. Wimbo nikakatazwa, popote, hata shambani.

"Na wao waliouchukua kwetu?" Halima akauliza kutoka mlangoni.

Bwana DC akasema hayo ni mambo ya Nairobi, hayamhusu.

Mpunga ulipokomaa nilipanda dungu, nikakaa kimya. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Ndege wakaja, wakatua, nikawa nasikia midomo yao ikivunja mpunga niliokuwa nautegemea kulisha wanangu. Halafu, kutoka upande wa mto, kikohozi kidogo.

"Mwanaidi ee! Wanakuja kwako!"

Hapakuwa na mtu. Santuri ilikuwa Garsen, mbali kabisa. Nikangoja yule msichana wa kwenye sahani aitikie badala yangu. Hakuitikia.

Basi nikaimba, nikarusha donge, ndege wakaruka wote kwa pamoja.

"Shoga, utafungwa!" Halima akapiga kelele kutoka dungu lake.

"Wanakuja kwako, Halima! Itikia!"

Akaitikia. Na wa pili yake akaitikia, mpaka kule mto unakopinda.

Nimeapa, wenzangu, sitakaa tena penye santuri nikiwa na tunda bivu mkononi. Ila kunyamaza mama anapoita, hilo sikuapa.