Ndizi Ndani ya Burito

Mpishi mkuu wa hoteli moja Nairobi alinifukuza kazi kwa sababu ya ndizi. Nilikuwa nakunja burito, ile chapati inayofungiwa wali, maharage na nyama, nikatia vipande vya ndizi mbivu, kama tunavyokula wali kwetu Garissa.

"Toa hiyo ndizi, mtu wa ngamia, ama uvue aproni!"

Kazi niliihitaji sana. Nilivua aproni.

Siku hizi nakula huko kwetu, kibandani karibu na soko la mifugo. Mama muuzaji hunikunjia chapati ya moto yenye wali, nyama ya ngamia, pilipili na ndizi. Nilipomsimulia kisa changu, alishika kiuno.

"Waryaa, we bwana, hao wa Nairobi wanakula wali bila ndizi? Maskini!"

Burito nzuri iko hapa. Mpishi yule akija, atawekewa ndizi mbili.